Kabla hujafuta video za zamani: hakiki bakapu kwanza (Linux)

Diski ya kompyuta ya studio ikijaa, mkono hukimbilia kufuta. "Si zipo kwenye diski ya nje?" Majina yapo, ndiyo. Mimi niliwahi kufuta folda nzima ya sendofu baada ya kuona majina yote yamekaa vizuri upande wa pili, kumbe waya ulichomolewa mapema wakati wa kunakili. Video tatu zilikuwa na ukubwa wa sifuri. Bibi harusi alinipigia simu wiki nzima.

Mfano wetu ni folda ya 2023 iliyo ndani ya Harusi. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

1. Tengeneza orodha

`cd ~/Harusi`
`find 2023 -type f -exec sha256sum {} + > ~/orodha-2023.txt`

Kila faili inapata alama yake ya herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole. Herufi moja ya faili ikibadilika, alama nayo inabadilika. Video ni nzito, kwa hiyo nenda kanywe chai.

Wengine huchagua faili za zamani kwa `find -mtime +180`, yaani zisizobadilishwa kwa zaidi ya siku 180. Siipendi njia hiyo. Tarehe ya kamera ikiwa mbovu, harusi ya juzi itaonekana ya miaka kumi iliyopita. Tena ukiteleza ukaandika `-delete` kabla ya `-mtime`, find itafuta kila kitu, kwa sababu inafuata mpangilio uliouandika. Folda za mwaka zinatosha.

2. Nakili

`rsync -a 2023 /media/studio/DISKI1/`

Hapa rsync, programu ya kunakili, inapeleka folda kwenye diski ya nje iitwayo DISKI1 (studio ni jina la mtumiaji wa kompyuta). Usiweke mkwaju (/) baada ya 2023, la sivyo yaliyomo yatamwagwa bila folda yake. Diski iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4. Ifomati kwa mfumo mwingine, exFAT au ext4. Na chaguo la `--delete` liache kabisa hapa: siku utakayofuta upande wa studio kisha ukaiendesha rsync tena, itafuta na nakala, kisha utajiuliza bakapu imekwenda wapi. Rudia kwa diski ya nje ya pili, DISKI2. Diski moja ikianguka sakafuni, hadithi imeisha.

3. Chomoa, kisha chomeka tena

Hatua hii wengi huiruka. Ukihakiki mara tu baada ya kunakili, kompyuta inaweza kukusomea data iliyobaki kwenye RAM (kumbukumbu yake ya muda), si ile iliyoandikwa kwenye diski. Toa diski kwa utaratibu, subiri taarifa kwamba ni salama, chomoa waya, chomeka upya.

4. Hakiki

`cd /media/studio/DISKI1`
`sha256sum -c --quiet ~/orodha-2023.txt`

Ikikaa kimya hadi mwisho, kila faili imelingana na alama yake. Ukiona FAILED, nakala hiyo ni mbovu au haipo; kama ipo ifute kwenye diski ya nje (rsync huruka faili yenye ukubwa na tarehe ile ile), rudi `cd ~/Harusi`, inakili tena na urudie hatua ya 3. Fanya hivyo hivyo kwa DISKI2.

Lakini alama inathibitisha tu kwamba nakala ni sawa na faili ya awali. Kama ya awali ilikuwa imeharibika, sasa unazo mbovu tatu. Fungua video tano sita moja kwa moja kutoka diski ya nje, uruke hadi katikati na mwishoni.

5. Weka kando

`mkdir ~/SUBIRI`
`mv ~/Harusi/2023 ~/SUBIRI/`

Nafasi haijapatikana bado. Mimi huacha wiki mbili, maana mteja wa kuomba "kaka, ile picha ya shangazi" hujitokeza siku hizo hizo.

6. Futa kwa orodha

`cd ~/SUBIRI`
`sha256sum -c --quiet ~/orodha-2023.txt`

FAILED ikitokea hapa, huenda kuna mtu aliyehariri au kuhamisha faili baada ya orodha kuandikwa. Simama, irudishe folda ya 2023 ndani ya Harusi na uanze upya hatua ya 1. Kukiwa kimya:

`cut -c67- ~/orodha-2023.txt | tr '\n' '\0' | xargs -0 rm --`
`find 2023 -type f`

Kwa nini nisiandike `rm -r 2023` nikamaliza? Kwa sababu amri ya kwanza inagusa faili zilizohakikiwa tu. Ya pili inaonyesha zilizobaki, yaani zile ambazo mhariri alizitupia humo baada ya orodha kuandikwa. Hizo hazina bakapu iliyohakikiwa. Karibu kila mwaka nakuta mbili tatu.