Somo: Jinsi ya kuzima milango ya gari inayojiloki yenyewe

Wakuu, maombi ya namna ya kuzuia gari lisijiloki lenyewe yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa madereva wa teksi za mtandaoni na kina mama wanaopeleka watoto shule. Wengi wanauliza wakate waya gani. Usikate waya wowote. Magari mengi yenye tabia hii yana njia ya kuizima kwa vidole tu, bila bisibisi, na siku ukitaka irudi unairudisha kwa njia ileile.

Naelewa kwa nini watu wanataka kuizima. Kwenye magari mengi dereva akivuta kishikio cha ndani, mlango wake unafunguka hata kama umelokiwa. Abiria wa nyuma hana bahati hiyo. Anavuta, mlango haufunguki, hajui pa kubonyeza, anaanza kukuangalia vibaya. Dada aliyepanda gari la mtu asiyemjua usiku ana haki ya kuogopa akisikia "ka!" milango yote ikijifunga. Kwa hiyo hili ni suala la heshima kwa aliyekaa nyuma, na ndiyo maana nimeamua kuliandikia somo zima.

Kwanza jua nani anayeloki

Hapa ndipo muda mwingi unapotea. Kuna vitu vitatu vinavyoweza kuloki milango yako, na kila kimoja kinazimwa kivyake.

Cha kwanza ni kompyuta ya gari lenyewe, kama lilivyotoka kiwandani. Cha pili ni alamu iliyofungwa baadaye na fundi. Cha tatu ni kidude kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia gari, ile yenye matundu 16 chini ya usukani. Wajapani wanakipenda kidude hiki, utakikuta kwenye Prius, Alphard na Hiace, na gari linashuka nacho bandarini bila mnunuzi kujua kwamba kipo.

Nenda sehemu tulivu, zima redio, funga milango yote halafu sikiliza vitasa vinalia wakati gani:

- Ukiwasha tu, gia ikiwa bado kwenye P (ile ya kuegesha), vikalia: mshuku alamu.
- Vikilia pale gia inapotoka P, au gari linapofika kilomita 15 hadi 25 kwa saa: ni gari lenyewe, au kile kidude cha kwenye soketi.
- Umefungua kwa rimoti, hukufungua mlango wowote, baada ya nusu dakika au dakika moja vikajiloki: hiyo ni kazi nyingine kabisa. Gari linadhani umebonyeza kwa bahati mbaya mfukoni. Usipigane nayo, inakulinda.
- Vinaloki na kufungua ovyo, gari limesimama, hakuna aliyegusa kitu: huo ni ubovu. Nimeujibu kwenye maswali hapo chini.

Toyota: kwa swichi ya mlango wa dereva

Njia hii imo kwenye vitabu vya matumizi vya Toyota nyingi zenye gia otomatiki. Kabla hujaanza, teremsha kioo cha dereva na mwachie mtu aliye nje ufunguo wa akiba kama unao. Simama pahali tambarare, vuta handibreki mpaka mwisho, kwa sababu kuna hatua utaweka gia kwenye N (gia huru) na gari linaweza kutembea.

1. Funga milango yote, pamoja na wa buti. Hakikisha taa ya mlango kwenye dashibodi imezimika.
2. Weka swichi ya kuwashia gari kwenye ON bila kuwasha injini. Kama gari ni la kubonyeza, usikanyage breki, bonyeza kitufe mara mbili. Ukikanyaga breki injini itawaka.
3. Ndani ya sekunde 10 weka gia unayotaka (P au N). Kwenda N utakanyaga breki, hapo haina neno kwa kuwa swichi tayari iko ON.
4. Kwenye mlango wa dereva, shikilia swichi ya kuloki milango kwa sekunde 5 hivi, kisha achia. Ukisubiri, vitasa vyote vitajifunga na kujifungua vyenyewe. Hilo ndilo jibu la gari kwamba limekuelewa.

Unachozima kinategemea gia na upande wa swichi ulioshikilia:

- Gia P, upande wa kufunga: kuloki gia inapotoka P.
- Gia P, upande wa kufungua: kufungua milango gia inaporudi P.
- Gia N, upande wa kufunga: kuloki kwa spidi.
- Gia N, upande wa kufungua: milango yote kufunguka dereva anapofungua wake baada ya kuzima gari.

Soma sentensi hii mara mbili: kitendo kilekile kinachozima ndicho kinachowasha. Kama gari lako halikuwa linaloki kwa spidi na wewe ukafanya ile ya N upande wa kufunga, umeiwasha. Ndiyo maana nimesisitiza ujue kwanza linaloki wakati gani.

Baada ya kila badiliko zima swichi, anza upya, halafu zunguka mtaa mmoja ukisikiliza.

Sasa maoni yangu. Ile ya kufungua milango gia inaporudi P usiizime. Kama haipo, iwashe. Ukifika, ukaweka P, milango yote inafunguka na abiria anashuka bila kukuomba. Kwa dereva wa teksi hiyo peke yake inatosha kuondoa malalamiko mengi, na barabarani bado unaloki ukiwa kwenye foleni.

Nissan

Hapa ni rahisi zaidi. Funga milango, weka swichi ON, na ndani ya sekunde 20 shikilia swichi ya kuloki upande wa kufunga kwa zaidi ya sekunde 5. Angalia taa za hazadi. Zikiwaka mara moja, umezima. Zikiwaka mara mbili, umewasha. Kwa ile ya kujifungua, fanya hivyohivyo ila ushikilie upande wa kufungua. Kati ya badiliko moja na jingine ni lazima uzime swichi na kuiwasha tena, la sivyo gari halitakusikiliza.

Volkswagen, Hyundai, Kia, Mercedes

Volkswagen za kisasa, pamoja na Hyundai na Kia nyingi, zina menyu kwenye dashibodi au kwenye skrini ya katikati: ingia kwenye mipangilio ya gari, tafuta sehemu ya milango, ondoa alama kwenye kujiloki. Mercedes kadhaa, kama C-Class, swichi ikiwa ON unashikilia kitufe cha kufungua milango kwa sekunde 5 mpaka usikie mlio.

Kama ni alamu au kidude

Kidude cha kwenye soketi: zima gari, inama chini ya usukani, kichomoe, kiweke kwenye droo. Lakini kabla hujavuta, uliza. Gari la mkopo au la mtu linaweza kuwa na kifaa cha kulifuatilia hapohapo, na ukikichomoa mwenye gari atapata taarifa kwamba limeguswa.

Alamu ina kitufe chake kidogo kilichofichwa, mara nyingi chini ya dashibodi upande wa dereva. Kitufe hicho kinaiweka alamu kwenye hali ya kulala, ile unayotumia unapomwachia gari muosha magari. Iweke kwenye hali hiyo uendeshe. Kama milango imeacha kujiloki, umempata mchawi. Kila alamu ina mpangilio wake wa kuzima kuloki, umo kwenye karatasi iliyokuja na boksi. Karatasi ikipotea, rudi kwa aliyeifunga na umwambie abadilishe mpangilio. Akishika koleo, mzuie.

Nawakataza kukata waya na kuchomoa fyuzi kwa sababu moja kubwa. Magari mengi ya kisasa yakigongwa sana yanafungua milango yenyewe ili waokoaji waweze kuivuta. Kazi hiyo inapita kwenye nyaya na mota zilezile za vitasa. Ukikata, umeondoa kero ya kila siku na ukaondoa pia msaada wa siku ya ajali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbagala, Vitz): Mkuu, nimefuata hatua zote za Toyota zaidi ya mara moja, gari halijajibu kitu. Nakosea wapi?

Jibu: Mkuu, inawezekana hukosei. Vitz nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani hazikuja na kazi ya kujiloki, kwa hiyo hakuna cha kuzima kwa swichi. Kama yako inajiloki, angalia alamu. Kama una uhakika haina alamu wala kidude, kagua taa ya mlango kwenye dashibodi. Mlango mmoja au buti ikihesabika iko wazi, zoezi zima linakataa. Baadhi ya Toyota mpangilio huu unabadilishwa kwa mashine ya kupimia tu. Ni kazi ndogo kwa fundi mwenye mashine inayosoma Toyota vizuri, mwulize bei kabla hajachomeka.

Swali (Morogoro, Noah ya wanafunzi): Fundi, shikamoo. Nikizima hii, watoto wa nyuma si watafungua mlango wa kusukuma gari likiwa linatembea?

Jibu: Marahaba, mama. Swali lako ni la maana sana. Kwenye ubavu wa mlango ule wa kusukuma, ukiufungua utaona kilimi kidogo cha plastiki. Hicho ni loki ya watoto. Ukikisogeza kwenye alama ya kufunga, mlango haufunguki kwa ndani hata mtoto avute kishikio vipi, unafunguka kwa nje tu. Hakihusiani kabisa na haya tunayozima. Kwa gari la shule mimi ningeacha kuloki kwa spidi kama kupo, nikaweka na loki ya watoto, na mtu mzima ndiye afungue kila kituo. Iweke pande zote mbili kama Noah yako ina milango miwili ya kusukuma.

Swali (Tabata, X-Trail): Nimeshikilia, hazadi zimewaka mara mbili, bado linajiloki.

Jibu: Mara mbili maana yake umewasha. Zima swichi, anza upya, shikilia tena mpaka ziwake mara moja.

Swali (Nairobi, Fielder): Boss, hapa kwetu ukikaa kwa jam milango ikiwa wazi unanyang'anywa simu mchana kweupe. Si ni hatari kuzima?

Jibu: Ni kweli, ndugu yangu, na mjini sikushauri uzime kuloki kwa spidi kama gari lako linayo. Washa ile ya kujifungua kwenye P kisha uache nyingine. Kama umeamua kuzima zote, basi jizoeze kubonyeza swichi ya kuloki mara tu unapofunga mkanda, na umwambie abiria wako umeloki na kufungua ni wapi.

Swali (Dodoma, Premio): Kaka, gari yangu inajiloki yenyewe imepaki, saa nyingine inafungua na kufunga kama ina jini. Juzi imejiloki ufunguo ukiwa ndani na mtoto yuko kiti cha nyuma. Tulimtoa kwa shida. Nizime kwa njia gani?

Jibu: Pole sana dada, na tunashukuru mtoto yuko salama. Hiyo ni hitilafu, hakuna mpangilio utakaoizima. Anzia mlango wa dereva, ndio unaofunguliwa mara nyingi kuliko yote. Fungua mlango wote, utaona mpira mweusi wenye mikunjo unaopita kati ya mlango na nguzo, karibu na bawaba. Uvute pole pole utoke kwenye tundu lake. Ndani kuna fungu la nyaya. Zipapase moja moja ukizikunja: iliyokatika ndani ya ngozi yake inalegea kama uzi pale ilipokatikia, na mara nyingi shaba yake imeshageuka kijani. Waya huo ukigusana na mwenzake, gari linaamini kuna mtu amebonyeza swichi. Fundi umeme ataunga kwa risasi ya kuchomelea na kuvalisha mpira upya. Kama nyaya ni nzima, anayefuata ni mota ya kitasa cha dereva. Ndani yake kuna swichi ndogo inayochakaa, na hiyo hubadilishwa pamoja na mota yake.

Mpaka itengenezwe, usishuke bila ufunguo mkononi, hata kama unashuka kufungua geti. Ikitokea tena mtoto yuko ndani na gari liko juani, usisubiri mtu alete ufunguo kutoka mtaa wa pili. Joto ndani ya gari lililofungwa linapanda ndani ya dakika chache. Vunja kioo cha mlango ulio mbali na mtoto, ukipiga kwenye pembe ya kioo, si katikati.