Kupaka Rangi Makabati ya Jiko la Zamani

Makabati ya jikoni katika nyumba ya mama yangu mjini Tanga yaliwekwa mwaka 1994. Fremu na milango ya juu ni ya mninga uliopakwa vanishi ya kahawia. Milango ya chini, iliyo karibu na sinki, ni ya chipbodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) iliyobandikwa fomaika, yaani ganda jembamba na gumu la plastiki. Miaka mingi ya kukaanga samaki ilikuwa imeifanya vanishi kuwa nyeusi kuzunguka jiko la gesi, na jiko zima lilionekana na giza hata saa sita mchana. Mara ya kwanza tulipolishughulikia tulipangusa milango kwa kitambaa chenye maji, tukapaka rangi nyeupe ya mafuta moja kwa moja, na kwa wiki kadhaa kila aliyeingia alisifia. Mwezi wa tatu tangu tupake, rangi ya mlango ulio jirani na jiko la gesi ilianza kuvimba. Nilipoigusa kwa ukucha ilibanduka kipande kizima, chepesi kama ganda la kitunguu, na upande wake wa ndani ulikuwa unateleza kwa mafuta ya kupikia. Rangi ile haikuwa mbovu. Haikuwahi kuishika mbao. Maelezo haya yanatokana na jinsi tulivyoirudia kazi hiyo, na sehemu kubwa yanahusu yale yanayofanyika kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Kwanza, amua kama makabati yanastahili rangi. Fungua kila mlango, ubonyeze pembe zake za chini kwa kidole gumba. Chipbodi iliyokunywa maji huvimba na kuwa laini, na hakuna rangi itakayoirudisha katika unene wake wa awali. Mlango wa namna hiyo ubadilishwe na seremala kabla hujaanza. Angalia pia sakafu chini ya makabati: ukikuta unga laini wa mbao, au njia za udongo za mchwa nyuma ya fremu, tibu wadudu kwanza. Tazama bawaba, kwa sababu mlango unaoning'inia upande mmoja utaikwaruza rangi mpya siku ya kwanza. Lakini kama kasoro yote ni rangi iliyopitwa na wakati, vanishi iliyokufa na vishikio vya zamani, basi yanafaa kabisa.

Hapa niseme neno kuhusu mninga. Mti huu ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na rangi iliyomo ndani ya mbao yake haiishi kwa sababu tu imegeuzwa kuwa kabati: inaweza kupenya kwenye rangi nyeupe na kuacha madoa ya kahawia au waridi, hata baada ya mikono mitatu, yaani kupakwa mara tatu. Zaidi ya hayo, mninga mzima ni mbao nzuri ambayo leo ni ghali kuipata. Mtu mwenye milango ya mninga, mvule au mkongo isiyo na kasoro ningemshauri akwangue vanishi ya zamani na kupaka vanishi mpya isiyo na rangi, kisha rangi aiweke kwenye milango ya fomaika, chipbodi na plaiwudi peke yake. Sisi tulikuwa tumeshapaka nyeupe juu ya mninga, tukalazimika kuendelea, na hadi leo naihurumia milango ile ya juu.

Jambo la pili ni kujua kilichopo juu ya mbao sasa. Lowesha kipande cha pamba kwa spiriti, usugue mahali pasipoonekana: rangi ya maji italainika na kuchafua pamba, rangi ya mafuta itabaki ilivyo. Kama kuna rangi ya zamani sana ambayo asili yake huijui, ichukulie kuwa huenda ina madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingine ziliendelea kuuzwa kwa miaka mingi baadaye, na Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Rangi kama hiyo usiipige msasa ikiwa kavu. Ilowanishe, tumia msasa wa maji, kusanya tope lake kwa vitambaa utakavyovitupa, na watoto pamoja na wajawazito wasiwepo ndani ya nyumba kazi inapofanyika.

Sasa ondoa milango na droo. Kuna mafundi wanaopaka milango ikiwa bado imefungwa, na matokeo yake ni bawaba zilizogandishwa na rangi pamoja na michirizi kwenye kingo. Bandika kipande cha tepu ya karatasi ndani ya tundu la bawaba, mahali ambapo hapatapakwa rangi, ukiandike namba. Namba hiyohiyo iandike kwenye fremu mlango ulipotoka. Skrubu na bawaba za kila mlango zitie kwenye mfuko wake wenye namba yake. Milango ya kabati huonekana kuwa sawa, lakini kila mmoja umeshazoea mahali pake, na ukibadilishwa hautafungika vizuri.

Kisha uje usafi, ambao ndio uliotuangusha mara ya kwanza. Mafuta yanayopanda na mvuke wa chakula hutua juu ya milango, hukauka, hushika vumbi, hutua tena, mpaka yanakuwa utando mgumu wa rangi ya asali ambao mtu huudhani ni vanishi. Maji matupu hayaugusi. Changanya maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo yenye nguvu, au sabuni ya magadi, vaa glavu, na sugua kwa dodoki la nailoni. Usitumie steliwaya, kwa kuwa nyuzi zake hubaki kwenye vinyweleo vya mbao na kupata kutu chini ya rangi. Sugua, suuza, badilisha maji, rudia. Sehemu zinazohitaji subira zaidi ni zile zinazozunguka vishikio, ambako mafuta ya mikono yamejikusanya, na ukingo wa juu wa kila mlango, ambao hakuna anayeukumbuka. Kuna kipimo rahisi cha kujua umefika: rushia matone machache ya maji safi kwenye mlango. Yakijikunja na kusimama kama shanga, mafuta bado yapo. Yakitandaa na kuwa utando mmoja mwembamba, mlango uko safi. Mlango wa fomaika ulio jirani na jiko letu ulihitaji kuoshwa mara nne. Baada ya hapo iache milango ikauke siku nzima kivulini, penye upepo.

Ikiwa unabadilisha vishikio, pima umbali kati ya matundu ya skrubu kabla ya kwenda dukani. Vingi vya kisasa ni milimita 96 au 128 kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, na ukipata vinavyolingana na vya zamani utakuwa umeokoa kazi ya kuziba na kutoboa upya. Matundu yasiyohitajika yajaze kwa puti ya mbao, uiache iinuke kidogo juu ya uso kwa sababu husinyaa ikikauka. Pembe zilizovunjika hushikwa vizuri zaidi na puti ngumu inayochanganywa na dawa yake, ile wanayotumia mafundi wa bodi za magari.

Msasa ni neno la kale: ndilo jina la mti ambao majani yake makavu na yenye kukwaruza yalitumika kusugulia mbao kabla ya karatasi za dukani. Kwa vanishi ya zamani tumia msasa namba 120, umalizie na namba 180. Kwa fomaika anza na 180, kwa mkono mwepesi. Huna haja ya kuiondoa vanishi yote. Unachotafuta ni kuuondoa mng'aro, ili uso uwe na mikwaruzo midogo ambayo rangi itaishika. Elekeza mlango dirishani, uutazame kwa pembeni: pale panapong'aa bado hapajaguswa. Kwenye mbao, sugua kwa kufuata mkondo wa nyuzi zake. Vaa barakoa, na ukimaliza futa vumbi kwa brashi, kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, mara mbili.

Sasa ndipo praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, inapokuja, na kwa hili naomba usibane matumizi. Fomaika ni ngumu na haina vinyweleo. Rangi ya kawaida ikiwekwa juu yake moja kwa moja hukaa tu, haishiki. Muulize muuzaji praima inayoshika nyuso laini kama vigae na fomaika, umwambie kazi yenyewe, kwa sababu praima ya ukuta haifai hapa. Kwa mninga na mbao nyingine zenye utomvu, inahitajika praima ya kuzuia madoa, na ile ya shelaki (gundi asilia itokanayo na wadudu) ndiyo inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Paka mkono mmoja mwembamba, uache ukauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, piga msasa namba 220 kidogo tu, futa vumbi. Kama doa limejitokeza, paka praima mara ya pili. Usitegemee kwamba rangi ya juu italifunika.

Kuhusu rangi yenyewe, emalshani ya ukuta haitahimili kuoshwa kila siku. Chaguo ni mbili: rangi ya mafuta, au enameli ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao na milango. Rangi ya mafuta hutandaa vizuri na hukauka ikiwa ngumu, lakini nyeupe yake hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, hasa mahali pasipofikiwa na mwanga, na jikoni mahali pa namna hiyo ni pengi. Enameli ya maji haigeuki hivyo, haina harufu kali, na brashi huoshwa kwa maji. Mimi nachagua ya maji kwa rangi nyeupe na zote zilizo nyepesi. Chukua yenye mng'aro wa wastani: inayong'aa sana huonyesha kila kasoro ya mbao, isiyong'aa kabisa hushika alama za vidole.

Kiasi kipige hesabu. Mlango wa sentimita 40 kwa 70 una mita za mraba 0.28 kila upande. Milango 12, pande zote mbili, ni karibu mita 6.7. Ongeza fremu na nyuso za droo, utafika mita 10 hivi. Lita moja hupaka takriban mita 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili inahitaji lita 2, na kwa kuwa rola na brashi hunywa sehemu yake, nunua makopo 3 ya lita moja, yenye namba ileile ya uzalishaji. Yachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, ili tofauti ndogo ya rangi isijitokeze katikati ya kazi.

Laza mlango juu ya visoda vinne vilivyowekwa juu ya meza, ili kingo zake zisigusane na gazeti. Anza na upande wa nyuma, kwa sababu alama zitakazobaki zitafichika. Kwenye mlango wenye paneli, pitisha brashi kwenye mifereji kwanza, kisha paneli ya katikati, kisha vipande vya fremu vilivyolala, na mwisho vilivyosimama. Sehemu bapa zipakwe kwa rola ndogo ya sponji, halafu mara moja pitisha ncha ya brashi kavu juu yake, kwa mwelekeo mmoja, bila kukandamiza. Ukishaondoka usirudi: rangi iliyoanza kukauka ikiguswa huacha mikunjo isiyofutika isipokuwa kwa msasa. Mikono miwili au mitatu myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, na kati ya mkono na mkono pitisha msasa 220.

Hali ya hewa ina sauti kubwa katika pwani yetu. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, rangi ya mafuta inayopaswa kukauka kwa siku moja huweza kubaki ikinata siku mbili au tatu. Januari na Februari joto huikausha upesi mno kabla haijatandaa. Miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, ndiyo mizuri, na saa nzuri ni za asubuhi baada ya umande kukauka. Usianike milango juani.

Kama unatumia tina (kimiminika cha kuzimua rangi ya mafuta) au rangi ya mafuta yenyewe, funga mtungi wa gesi na usiwashe moto wowote hadi harufu iishe, kwa kuwa mvuke wake hushika moto. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta usivikusanye kwenye kona: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke kabisa. Tina iliyotumika usiimwage kwenye sinki.

Rudisha milango baada ya siku tatu au nne, ukiweka vipande vidogo vya mpira au sponji kwenye pembe ili rangi isigandamane na fremu. Kukauka kwa juu si kukomaa. Rangi huendelea kuwa ngumu kwa wiki tatu hadi nne, na kwa muda huo ipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu pekee, bila sabuni kali wala dodoki.