Kabla hujaenda Santo Domingo na bajeti ndogo, haya yaangalie mapema

Wengi wetu tukisikia Karibiani akili inaenda moja kwa moja kwenye zile hoteli za ufukweni ambazo unalipa kila kitu mara moja, unavalishwa bangili mkononi, kazi yako kula na kulala. Kwa Jamhuri ya Dominika hizo ziko Punta Cana, kama kilomita 200 mashariki mwa mji mkuu, na kwa mfuko wa kawaida zinauma. Mi naongelea Santo Domingo yenyewe, mji wa watu wanaoamka asubuhi kwenda kazini, ambako ukijipanga unakaa vizuri na unaona vitu ambavyo wa bangili hawavioni. Ila kujipanga kunafanyika nyumbani kabla ya ndege, ukisubiri ufike ndo uanze kuulizia utalipa kila kitu mara mbili.

Anza na makaratasi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza, lakini kama tayari una viza hai ya Marekani, Canada, Uingereza au Schengen, au kibali cha kuishi huko, unaingia nayo bila kuomba nyingine, na ndo maana ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaenda kirahisi kuliko sisi wa nyumbani. Kutoka huku hamna ndege ya moja kwa moja, sasa hapo kwenye kubadilisha ndege ndo pa kuwa makini: ukipitia Marekani unahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa hiyo tiketi ikiwa bei chee kuliko zote angalia kwanza inapita wapi kabla hujalipa. Alafu kuna fomu ya uhamiaji wanaiita E-Ticket, unaijaza mtandaoni siku chache kabla ya safari, wanakupa msimbo wa QR unauhifadhi kwenye simu. Ni BURE. Ukikuta tovuti inadai dola kwa ajili ya hiyo fomu, toka, umeingia sipo. Kadi ya homa ya manjano beba tu, haichukui nafasi.

Sasa pa kulala, na hapa ntakaa kidogo maana ndipo bajeti inapofia. Mara ya kwanza nilichukua chumba ng'ambo ya mto Ozama kwa sababu kwenye apu kilikuwa nusu ya bei ya vyumba vya katikati, nikaona nimepata. Kila asubuhi nikawa natoka kwenda mjini, foleni ya darajani haisogei, jioni giza likiingia naogopa kurudi na usafiri wa kuunganisha naita teksi, siku ya nne nikapiga hesabu nikakuta zile teksi zimeshakula ile nusu yote niliyookoa na zaidi. Nikahamia Gazcue. Ni mtaa wa zamani wenye miti mikubwa, na Zona Colonial, yaani mji mkongwe, unaifikia kwa miguu. Kwa hiyo chumba usikipime kwa bei ya usiku peke yake, jumlisha na nauli za siku zote. Zona Colonial kwenyewe kuna hosteli za kulala wengi chumba kimoja, ni pazuri, pameingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1990, kanisa kuu la kwanza kujengwa Amerika liko hapo na ngome ya Ozama ni hatua chache. Ila muulize mwenye nyumba kama dirisha linatazama kolmado. Kolmado ni duka la mtaa kama la Mangi, wanauza mchele, sabuni, bia, ila jioni linageuka kijiwe cha muziki na spika zao sio za mchezo, bachata mpaka usiku mwingi.

Maswali mengine mawili ya kumuuliza mwenye nyumba KABLA hujabuku: umeme ukikatika kuna nini, na maji yakikatika kuna nini. Umeme kule unakatika kama kwetu tu, Novemba 2025 nchi karibu nzima ilizimika na metro, treni yao ya mjini, ikasimama na watu ndani. Nyumba nyingi zina betri za akiba wanaziita inversor, nyingine zina jenereta wanaita planta, na juu ya paa tenki la maji, tinaco. Andika hivi hivi kwa Kihispania, hay inversor, hay tinaco, atakujibu. Chumba kisicho na inversor mwezi wa nane, bila feni, hulali.

Na hapo hapo kwenye umeme, wao wanatumia volti 110 na plagi za pini mbili bapa, sio zetu zile za pini tatu za mraba. Chukua chaja yako sasa hivi igeuze usome yale maandishi madogo mgongoni, yakiwa yameandikwa 100-240V basi unahitaji adapta tu ya pini, nunua huku huku kabla hujasafiri. Pasi au ile mashine ya kunyooshea nywele ya volti 240 iache nyumbani, kule haitapata moto wa maana.

Hela. Shilingi hamna atakayekubadilishia, beba dola, alafu kabadilishe benki au duka la fedha mjini, uwanja wa ndege badilisha kidogo tu ya kufikia. Dola moja inacheza kwenye peso, hela ya kule, 60 na kidogo. ATM zinakata ada kila ukitoa, kwa hiyo toa nyingi mara moja badala ya kidogo kidogo. Na hili watu wanasahau sana: kadi yako ikitumika nje benki inaweza kutuma namba ya siri kwa meseji kwenye laini yako ya nyumbani, kama hujafungua roming kabla ya kuondoka hiyo meseji haifiki na kadi inakuwa plastiki tu. Fungua roming kwa ajili ya meseji, afu kwa bando nunua laini ya kule, Claro au Altice, unaenda na pasipoti.

Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege panga kabla, ni kama kilomita 25 mpaka katikati na teksi za hapo nje ni ghali, mwenye nyumba akikutafutia mtu au ukitumia Uber unaokoa. Mjini Uber na inDrive zipo zote. Metro ina laini mbili kubwa zinakutana kituo cha Juan Pablo Duarte, ni safi, ina kiyoyozi, nauli ndogo, unanunua kadi unajaza salio, ila haiingii Zona Colonial, utamalizia kwa miguu. Kisha kuna concho, teksi ndogo za kuchangia zinazopita barabara moja moja, ndo daladala yao: nyuma mnakaa wanne, mbele wawili na dereva, hela unaipitisha mbele mkononi kwa mkononi, ukitaka kushuka unasema déjeme en la esquina, niache hapo kona. Beba noti ndogo, ukitoa ya elfu moja wote watakugeukia. Bodaboda wanaita motoconcho, mi nakusihi achana nazo, nchi hii ni miongoni mwa zenye vifo vingi sana vya barabarani duniani na helmeti ya abiria huioni. Bahari ukiitaka, Parque Enriquillo kuna mabasi madogo, guagua, yanayokwenda Boca Chica, unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Chakula hakitakushinda. Mchana tafuta comedor, mama ntilie wao, sahani wanaiita la bandera: wali, maharage, nyama au kuku, na saladi pembeni, na wahi kabla ya saa nane maana sufuria zinaisha. Asubuhi mangú, ndizi mbichi zilizochemshwa zikapondwa, juu kitunguu cha siki, mtu wa Bukoba atajisikia nyumbani. Waislamu, ile salami inayowekwa pembeni mara nyingi ina nguruwe, sema sin salami. Kwenye migahawa yenye menyu mezani ujue risiti itaongezwa kodi asilimia 18 na huduma asilimia 10, bei ya kwenye menyu sio utakayolipa. Maji ya bomba usinywe.

Lingine naliongea kwa uzito kwa sababu ni letu. Serikali ya kule inafanya misako mikubwa ya kuwarudisha Wahaiti, na mtu mweusi anaweza kusimamishwa barabarani kwa rangi tu, wakidhani ni Mhaiti. Novemba 2022 ubalozi wa Marekani ulitoa onyo hadharani kwamba raia wao weusi walikuwa wakisumbuliwa. Kwa hiyo usitoke bila nakala ya pasipoti na ukurasa wenye muhuri wa kuingia, picha ziwe pia kwenye simu, na mtu mmoja nyumbani ajue unalala wapi. Ukisimamishwa tulia, toa karatasi, sema soy turista. Mimi nilisimamishwa mara moja, ikaisha kwa dakika chache kwa sababu nakala ilikuwa mfukoni.

Msimu: vimbunga ni Juni mpaka Novemba, kali zaidi Agosti hadi Oktoba, bei zinashuka ila dawa ya mbu ni lazima, dengi ipo. Desemba mpaka Aprili kukavu na bei juu.

Pesa zao zitumie zote kabla hujaondoka, huku hamna wa kuzibadilisha, na ile E-Ticket jaza tena ya kutokea usiku wa kuamkia safari ukiwa bado na wifi ya nyumba.