Kadi ya harambee ya shule ikifika mezani kwako kazini

Mfanyakazi mwenzako akikuletea kadi ya mchango wa shule ya mwanawe, iwe ni ya kununulia basi, ya kujenga bwalo au ya matembezi ya hisani, mtajie kiasi ulichokwisha kukipanga siku ya mshahara, na umtajie kabla hujaifungua kadi. Kila mwezi tenga fungu dogo la michango ya kazini, na likiisha sema waziwazi: "Fungu langu la mwezi huu limekwisha, dada, naomba unikumbuke mwezi ujao." Njia hii hufaa kwa sababu kadi huonyesha majina na kiasi alichotoa kila mmoja, na anayeisoma kwanza huishia kumfuata aliyemtangulia badala ya kuufuata mfuko wake. Tena jibu hilo halimkatai mzazi wala mtoto, jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa, kwa kuwa wazazi wengi wamekabidhiwa kadi hizo na shule na hawakupenda kuomba. Njia hii haifai sana ikiwa mwenye kadi ni mkubwa wako. Kwa watumishi wa umma nchini Kenya, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, iliyofutwa mwaka 2025, ilikataza kugeuza ofisi kuwa mahali pa kuomba au kukusanya harambee, na pia kutumia cheo kumshinikiza mtu atoe. Uwe serikalini au katika kampuni binafsi, uliza mapema iwapo kazini kwako kuna kanuni kama hiyo. Msiba na ugonjwa usiviingize katika fungu hili.