Jinsi ya kutenganisha vitunguu vya amarilisi vilivyobanana

Kila mwaka naulizwa lilelile: "Amarilisi yangu ina majani tele, mbona haichanui?" Mara nyingi vitunguu vimebanana chunguni. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

1. Fanya kiangazi, maua yakishaisha. Mimi niko Lushoto, nafanya Septemba kabla ya vuli.

2. Acha kumwagilia wiki moja, kisha pindua chungu na ukigongegonge.

3. Vaa glavu, utomvu unawasha. Kitoto kinachoachia chenyewe kitoe. Kilichong'ang'ania mama kiache mwaka mwingine. Ukikata, kila kipande kibaki na kitako na mizizi yake.

4. KUANIKA. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitenganisha vitunguu 14 vya marehemu mama yangu, nikavipanda siku ileile, nikavifukia hadi shingoni na kuvimwagilia kama miche ya mboga. Wiki ya tatu majani yakalegea. Nilipofukua, vitako vilikuwa uji unaonuka. Vilipona 5 tu, na bado inaniuma. Kwa hiyo: kata mizizi iliyooza peke yake, ile minene myeupe usiiguse. Paka unga wa mkaa kwenye vidonda. Anika KIVULINI siku 2 au 3, usianike juani. Unapopanda, theluthi moja ya kitunguu ibaki juu ya udongo. Mwagilia kidogo mara moja, halafu usubiri jani jipya.

5. Chungu kiwe na matundu, na kizidi upana wa kitunguu kwa vidole viwili tu kila upande. Udongo, mchanga wa mtoni, samadi iliyooza.

Usiviweke jikoni hata kidogo! Vinafanana na vitunguu vya kula, na vina sumu kwa watu na mbwa.

MASWALI

Kaka Bustani: Nimepanda jana, nimefukia chote. Nimwagilie kila siku?
— Hatua ya 4. Kifukue leo.

Mtoto wa Tanga: Nimefuata yote na vimeoza.
— Ulianika siku ngapi?
Mtoto wa Tanga: Sikuanika, nilikuwa na haraka.
— Basi hukufuata yote, ndugu yangu.

Mama Neema: Asante dada. Hivi vitoto vitachanua lini?
— Karibu, mama. Vingi huchukua miaka 2 hadi 4, kitunguu kikishanenepa. Majani mabichi usiyakate, ndiyo yanayokilisha kitunguu.

Mpenda Maua: Kuna aliyeniambia hii si amarilisi halisi. Kweli?
— Kweli, na nimefurahi umeuliza. Haya yetu makubwa ya chunguni ni Hippeastrum, asili yake Amerika Kusini. Amaryllis belladonna ni ya Afrika Kusini, kule Rasi, na huchanua ikiwa haina jani hata moja. Ukoo ni mmoja, ndiyo maana jina limeganda. Hata lile ua jekundu la duara linalojitokeza lenyewe porini kwetu mvua zikianza, Scadoxus, ni la ukoo huohuo.
Mpenda Maua: Kumbe! Hilo lipo nyuma ya nyumba yetu. Naweza kulihamishia chunguni?
— Unaweza. Subiri majani yakauke, liweke kivuli nusu, na usilinyweshe likiwa limelala.

Mzee wa Soni: Nami niongeze: vyungu vya udongo ni bora kuliko ndoo za plastiki, vinakauka upesi.
— Shikamoo mzee. Kweli kabisa. Mwenye ndoo aongeze matundu ubavuni pia, chini pekee hayatoshi.