Jinsi ya Kuandaa Usiku wa Mashairi na Nyimbo za Wachungaji wa Mifugo Arusha

Kabla hujatafuta ukumbi wala turubai, uliza ng'ombe watakuwa wapi mwezi huo. Sisi mwaka wa kwanza tulipanga Septemba kwa sababu uwanja ulikuwa haujakodishwa. Walikuja watu wa mjini tu. Waimbaji wote niliowategemea walikuwa wameshahama na mifugo kufuata maji, mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani. Sasa tunafanya mwishoni mwa Juni: masika yamepita, majani bado yapo, maziwa yapo, vijana wanalala bomani, na shule zimefungwa. Kule Elko, jimbo la Nevada nchini Marekani, wafugaji na wanaofuatilia mila zao walipoitisha mkusanyiko wa mashairi ya wachunga ng'ombe mwaka 1985, waliuweka mwishoni mwa Januari, baridi kali, kwa sababu ndipo kazi za ranchi hupungua. Mpaka leo wanakutana majira ya baridi.

Mtu wa kuimba humpati kwa tangazo. Mimi nimekuwa dalali wa mbuzi kwenye minada ya Kisongo na Meserani kwa miaka mingi, na wengi niliowaalika niliwapata huko. Usiwasogelee asubuhi, maana mtu yuko kwenye bei na akili yake yote iko kwenye bei. Subiri mchana, mnyama ameshauzwa, watu wamekaa kwenye nyama choma. Na usiulize, "Nani hapa ni mshairi?" Hakuna atakayejitaja. Uliza, "Nani akianza kumsifia dume lake watu wanaacha kula?" Utaonyeshwa kidole mara moja. Elko nako ilibidi watafiti wa mila wazunguke miji midogo ya magharibi kutafuta watu waliokuwa na mashairi marefu kichwani na hawajawahi kuyasoma mbele ya mgeni.

Wasisahaulike akina mama. Mwaka wa pili niligundua orodha yangu yote ni wanaume, wakati wimbo wa kwanza niliousikia maishani ni wa mama yangu akimkamua ng'ombe aliyekuwa mgumu kutoa maziwa. Alikuwa akimwimbia kwa jina lake, polepole, mpaka anatulia. Kina mama hawaji mnadani kwa wingi kama wanaume, kwa hiyo nenda bomani, tena na dada au mke wako. Salimia kwanza wazee, kaa, pokea chai, ndipo useme kilichokuleta. Kama unataka nyimbo za morani, omba kwa laigwanani wao, yaani kiongozi wa rika lao. Akikwambia wimbo fulani ni wa eunoto, sherehe ya morani kuvuka rika, na hautoki nje ya sherehe hiyo, usibembeleze. Zipo nyingi zinazoruhusiwa.

Sasa lugha, na hapa ndipo nimeumia zaidi. Mara ya kwanza tuliweka mkalimani afasiri kila mstari. Mzee akaimba kuhusu fahali wake, akataja rangi yake kwa neno moja la Kimaa, lugha ya Wamaasai, ambalo linaeleza madoa, mahali madoa yalipo, na jinsi yanavyoonekana ng'ombe akitembea. Mkalimani akasema, "Ng'ombe mweusi mwenye nyeupe." Mzee akanyamaza, akakaa chini. Tangu siku hiyo nakaa na kila mwimbaji jana yake jioni. Ananisimulia wimbo, naandika sentensi tano au sita za Kiswahili, namsomea, anasahihisha. Usiku wenyewe maelezo yanasomwa kwanza, kisha wimbo unaachwa uende bila kukatwa. Wairaqw wanaotoka Mbulu na Karatu nao tunawafanyia hivyo kwa slufay zao, maana ni sala ndefu na watu huitikia, ukiikata umeiua.

Alika pia washairi wa Kiswahili wa mjini. Wao wana tarbia, mishororo minne ya mizani 16, vina katikati na mwisho. Wimbo wa Kimaasai haufuati hesabu hiyo, unabebwa na kiongozi na waitikiaji. Wape kazi: wasikilize wimbo wa fahali, kisha wajibu kwa beti tatu. Kila mwaka hicho ndicho kipindi ambacho watu hawainuki kwenda kununua soda.

Kuhusu vyombo, mwambie fundi mapema kwamba hakuna kinanda wala biti ya kompyuta. Olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, ndiye anayeanzisha, lakini uzito wa wimbo uko kwenye sauti nzito za kooni za wanaomzunguka. Ukimpa yeye maiki peke yake, wale wengine wanapotea. Weka maiki mbili kwenye stendi, hatua tatu mbele yao, na uwaachie nafasi ya kuruka. Jenereta likae mbali, nyuma ya magari. Watu wakae duara, chini kwenye mikeka, wazee kwenye viti.

Kwenye bango andika "wachungaji wa mifugo", neno zima. Tuliandika "wachungaji" tu, na mama mmoja akaja kutoka Ngaramtoni na Biblia yake akidhani ni mkutano wa Injili. Alikaa hadi mwisho, lakini haikuwa haki kumpotosha.

Vibali anzia kwa mtendaji wa kata na afisa utamaduni, mwezi mzima kabla. Juni kuna baridi, nunua kuni za kutosha. Chakula kiwe loshoro (mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando), ndafu na maziwa mgando ya kibuyu kilichofukizwa kwa oloirien, mti wa mzeituni mwitu. Mama anayefukiza aifanye kazi hiyo mbele ya watoto, wamuulize maswali.

Mimi hufungua usiku kwa kuwaeleza watu kwamba wachunga ng'ombe wa Marekani, walipoyaswaga makundi kutoka Texas kwenda kwenye reli za Kansas, walizunguka kundi usiku kwa farasi wakiimba taratibu ili ng'ombe wasishtuke na kutimua mbio. Nikimaliza kusema hivyo, vijana wa Monduli hutazamana, kwa sababu nao huwatuliza ng'ombe kwa mluzi usiku simba akisikika.

Malipo yatolewe usiku uleule, mkononi, kiasi mlichokubaliana. Ukitaka kurekodi, omba ruhusa kabla, na kila aliyeimba apate nakala kwenye simu ya mwanawe.

Gari la kuwarudisha waimbaji lijazwe mafuta tangu jioni, na dereva alale palepale. Saa kumi na moja alfajiri liwe limeshaondoka, maana ng'ombe wanasubiri kukamuliwa.