Kununua na kufufua Alfa Romeo GT Junior: anza na vizingiti

Mwezi wa tatu mpwa wangu anayeishi Maskati alinipigia simu usiku. Ameona Alfa Romeo GT 1300 Junior inauzwa karibu na Milano, nyekundu, "mjomba, inang'aa kama kioo!" Mimi ni mtoto wa Malindi, Kiitaliano nilikiokota utotoni kwa Wataliano wa pale, na tangu nihamie Brescia, Italia, nimekula jasho langu kwenye karakana za magari ya zamani. Nikamwambia asitume hata euro moja mpaka niende nikaione. Nikaenda, nikaikataa. Ya pili pia nikaikataa. Tulinunua ya tatu, iliyokuwa na sura mbaya kuliko zote, na sasa inatembea. Haya ndiyo niliyomweleza yeye hatua kwa hatua, nimeyaandika ili na wengine yawafae.

Hatua ya 1: Jua ni gari gani hasa

Bodi hii ilichorwa na Giorgetto Giugiaro akiwa kwenye kampuni ya Bertone, ikatoka 1963 kwa jina la Giulia Sprint GT. Junior ya 1300 ilifuata 1966, halafu zikaja 1750 GTV na, kuanzia 1971, 2000 GTV. Injini zote ni za ukoo mmoja: blogi (mwili wa injini) ya alumini, kemshafti mbili juu, gia tano. Kwa kuwa zinaingiliana, Junior nyingi zimevuliwa injini yake zikavalishwa ya 2000. Gari litakwenda mbio zaidi, lakini mnunuzi wa magari ya kumbukumbu hatakulipa bei ya gari lenye injini yake. Soma namba iliyogongwa kwenye blogi: 00530 ni ya Junior 1300, 00548 ni ya 1750, 00512 ni ya 2000. Namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini. Ikiwa eneo hilo lina rangi nene kuliko jirani zake, au alama za grainda, rudi nyumbani.

Kama unanunua kwa mara ya kwanza, chukua Junior. Usishike GTA. GTA halisi ina paneli za nje za alumini na plagi mbili kwa kila silinda, bei yake ni mamia ya maelfu ya euro, na soko limejaa Junior zilizovalishwa nembo za GTA.

Hatua ya 2: Karatasi

Italia kila gari lina historia yake kwenye PRA, daftari la umma la magari linalosimamiwa na ACI, klabu ya magari ya Italia. Kwa namba ya gari tu unaomba *visura*, nayo itakuonyesha mmiliki ni nani na kama gari lina deni au limefungiwa na serikali. Kisha omba *estratto cronologico*, orodha ya wamiliki tangu siku ya kwanza. Muuzaji akikuambia "hizo karatasi hazina haja", zina haja.

Kumbukumbu za kiwanda ziko Arese, karibu na Milano. Cheti cha asili kinachotolewa kutokana nazo kitakutajia tarehe ya kutengenezwa na rangi ya kwanza. Kwa njia hii ndipo tulipojua kwamba gari la mpwa wangu, lililokuwa jekundu, lilitoka kiwandani likiwa Biancospino, yaani jeupe. Kama bado lina bamba lake jeusi la zamani la namba, omba libaki nalo. Wakusanyaji wanalithamini sana.

Ndugu walioko Kenya, kumbukeni ile kanuni ya kuingiza nchini magari yasiyozidi miaka 8. Zungumzeni na forodha kabla ya kuzungumza na muuzaji.

Hatua ya 3: Kagua bati, injini iache

Muuzaji atafungua boneti kwanza, kwa sababu injini ile ni nzuri kuitazama. Mshukuru, kisha lala chini.

Injini ya Alfa hutengenezeka, na spea zake zipo mpaka leo. Gharama iko kwenye bati. Gari hili halina fremu. Linabebwa na sakafu pamoja na vizingiti, yale maboksi ya bati yanayopita chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Kila kizingiti kina matabaka matatu: la nje, la kati na la ndani. La nje unaliona. La kati ndilo linalooza kwanza bila mtu kujua, maana maji huingia yakatuama humo.

Nenda na sumaku nyembamba ya friji, tochi na bisibisi. Pitisha sumaku kwenye vizingiti, kona za chini za mabawa ya mbele, ukingo wa matao ya magurudumu na chini ya kioo cha mbele. Inapoteleza bila kushika, ujue hapo ni pati, ule udongo wa kuziba bati kabla ya rangi. Inua mazulia ugonge sakafu kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, bati lililooza linajibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Angalia shimo la tairi la akiba ndani ya buti, na ule mhimili unaopita chini ya rejeta.

Sasa jaribio ninalolitegemea kuliko yote. Weka jeki chini ya kizingiti, mahali pake pa kuwekea jeki, inua gurudumu moja, kisha fungua na ufunge mlango wa upande huo taratibu. Ukiona mwanya kati ya mlango na bodi umebadilika, au mlango umeanza kukwaruza pale kwenye kitasa, kizingiti hakibebi tena. Lile gari jekundu la kwanza, lililong'aa kama kioo, mlango wake ulikataa kabisa kufunga nilipoliinua. Muuzaji akanyamaza, nami nikashusha jeki.

Hatua ya 4: Liendeshe

Lianze likiwa baridi. Ukishuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili likakwaruza, sinkronaiza ya gia ya pili, kile kipete kinacholinganisha mwendo wa gia, imekwisha. Karibu yote yana ugonjwa huo, punguza bei uendelee. Angalia kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa mgando maana yake maji na oili vimekutana. Breki zote nne ni za diski, kwa hiyo gari likivuta upande mmoja, kuna kalipa, ile taya inayobana diski, imekwama.

Hatua ya 5: Lipa, lilete

Kwa benki, siyo kwa bahasha.

Hatua ya 6: Vizingiti

Hapa nitakaa, kwa sababu gari la kwanza nililolifanya peke yangu lilinila wikendi tatu kwenye hatua hii, na hasara yote ilitokana na siku moja ya haraka.

Nilifanya hivi. Nilishusha injini na gia boksi, nikaliweka gari juu ya stendi nne, nikakata vizingiti vya pande zote mbili siku hiyohiyo. Nikachomelea vipya, vikapendeza. Nilipofunga milango, wa kushoto ukagonga nguzo kwa chini na kuacha mwanya kwa juu ambao kidole kiliingia. Bodi ilikuwa imelegea katikati nami nimeigandisha ikiwa imelegea. Nikakata kila kitu upya.

Tangu hapo siendi kinyume na utaratibu huu.

Kwanza, milango isivuliwe, ibaki kwenye bawaba zake. Kabla ya hapo shika kila mlango ukiwa wazi, uinue kwa mkono. Ukicheza, badilisha pini za bawaba kwanza, la sivyo utapima uongo. Kisha pima mianya: mahali patatu mbele ya mlango, patatu nyuma, kila upande. Pima pia ulalo wa uwazi wa mlango, kona kwa kona, mara mbili. Andika tarakimu hizo kwa kalamu ya rangi kwenye ukuta wa karakana. Karatasi hupotea.

Pili, uzito ukae unapokaa gari likiwa barabarani. Gari zima lina kilo kama 930, na mzigo mzito wa injini uko mbele. Mafundi wengi hupenda kuitoa ili wapate nafasi. Mimi naiacha ndani, na gari nalisimamisha kwa kushikilia chini ya ekseli ya nyuma na chini ya mikono inayoshika magurudumu ya mbele, ili liegemee miguu yake. Ukiliweka juu ya stendi katikati, pua na mkia vinashuka. Ukiliweka kwenye ncha, tumbo linashuka. Yote mawili utayachomelea humo.

Tatu, funga mifupa. Chukua skwea paipu ya inchi moja, chomelea mmoja kutoka chini ya bawaba ya juu hadi kwenye nguzo ya nyuma ya mlango, mwingine wa ulalo, halafu mmoja wa kukatiza gari kutoka nguzo ya kushoto hadi ya kulia. Acha nafasi mlango uendelee kufunga! Kuna wanaofunga mifupa kwa nje ya mlango, kisha hawawezi kuujaribu tena mpaka mwisho, wakati kuujaribu hakuna faida tena.

Nne, upande mmoja kwa wakati, tabaka moja kwa wakati. Kizingiti cha nje kinapenya nyuma ya bawa la mbele, na kwenye gari hili mabawa ya mbele hayakufungwa kwa bolti, yamechomelewa. Kwa hiyo huna budi kukata kona ya chini ya bawa ili ufike mwisho wa kizingiti. Utakutana na magari mengi ambayo fundi aliogopa kukata kona hiyo, akabandika bati jipya juu ya lililooza. Likinunuliwa hivyo, miaka miwili baadaye kutu inatokeza kama upele. Kata.

Nukta za kuchomelea za kiwandani zitoboe kwa drili ya milimita 8, usizing'oe kwa tindo. Tindo hukunja bati unalotaka kulibakiza. Toa tabaka la nje, safisha, kagua la kati. Likiwa limeoza, lipime na ulibadilishe kabla ya kugusa la ndani. Kila ukimaliza tabaka, funga mlango, rudi ukutani usome tarakimu.

Tano, bati jipya lijaribu kwanza. Paneli za kuiga zinazouzwa leo hazikai zote sawa. Nimeshika za upande mmoja zikiwa ndefu kuliko za upande wa pili. Zibane kwa klampu, funga mlango, angalia mwanya, ndipo uwashe mashine. Tumia mashine ya kuchomelea ya MIG yenye waya wa milimita 0.6. Bati hili ni jembamba, halivumilii moto wa mfululizo: nukta moja mbele, moja nyuma, moja katikati, subiri mpaka uweze kuliweka kiganja, endelea. Sehemu zitakazofunikwa zipake kwanza praima ya zinki inayokubali kuchomelewa. Na usizibe matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kizingiti. Kuzibwa kwake ndiko kulikooza cha zamani.

Kwa gari la mpwa wangu upande wa kulia ulinichukua siku nne, wa kushoto siku mbili na nusu. Tarakimu za ukutani hazikusogea zaidi ya milimita moja.

Hatua ya 7: Injini

Fundi yeyote mwangalifu ataiweza, ila jambo moja lazima aambiwe. Slivu za silinda, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikupigwa kwenye blogi; zimekalishwa tu, na maji yanazizunguka. Ukishatoa silinda hedi, usizungushe kranki kabla ya kuzibana slivu hizo kwa nati na washa pana. Pistoni ikipanda na slivu ikanyanyuka hata kidogo, sili ya chini imeharibika, na utaligundua hilo siku maji yatakapoonekana kwenye oili. Unaporudisha, weka gasketi mpya pamoja na vile vipete sita vya mpira kwenye njia za oili. Vipete ni vidogo, husahaulika mezani.

Hatua ya 8: Kabureta

Ama Weber, ama Dell'Orto, ama Solex, kulingana na gari lilivyotoka. Mimi moyo wangu uko kwa Weber 40 DCOE, lakini usibadilishe zilizokuja na gari. Kabla ya kugusa skrubu yoyote kagua vishikio vya mpira vinavyounganisha kabureta na injini. Hupasuka kwa chini, pasipoonekana, zikavuta hewa, na watu hupoteza siku nzima wakirekebisha jeti. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta, puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka vishikio hivyo; mlio ukibadilika, umepata.

Hatua ya 9: Rangi

Rudisha rangi ya kiwandani. Mpwa wangu alitaka nyekundu ibaki. Tulibishana wiki nzima kwa simu. Nikamwambia nyekundu ziko tele, zilizopakwa na kila aliyetaka kuuza haraka, ila Biancospino yake imeandikwa kwenye cheti. "Basi iwe nyeupe, mjomba, wewe ndiye unayeijua." Nikaipaka nyeupe.

Hatua ya 10: Nta, halafu ukutani tena

Rangi ikikauka vizuri, ingiza mpira mrefu wa kupulizia nta ndani ya vizingiti kupitia matundu ya maji, puliza ukiuvuta nyuma polepole mpaka nta idondoke chini. Acha gari usiku kucha kwenye joto, asubuhi zibua matundu kwa waya. Kisha liendeshe kilomita 500 kwenye barabara mbovu na nzuri, lirudishe karakana, pima mianya ya milango mahali palepale. Ikilingana na tarakimu za ukutani, tupa ile mifupa ya skwea paipu uliyoikata na kuihifadhi pembeni kwa tahadhari, na uweke mazulia.